Utafiti wa muundo wa ubongo na tabia kama kazi ya maisha: je, ni lazima nipitie udaktari?

Mdadisi ameuliza:

Shikamoni walio wakubwa kwangu, na wengine wote nawasalimu.

Niko mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza ya biolojia, na katika yote niliyoyasoma kuna jambo moja lililoniteka akili, nalo ni uhusiano uliopo kati ya umbo na mpangilio wa ubongo kwa upande mmoja, na yale anayoyatenda mnyama au binadamu kwa upande mwingine. Hamu hiyo ilianza niliposoma habari za mnyoo mdogo aitwaye C. elegans, ambaye ana seli za neva 302 tu, na ambaye ramani ya miunganisho ya seli hizo ilichapishwa tangu mwaka 1986. Nilitarajia kwamba baada ya ramani hiyo kupatikana kila tabia ya mnyoo huyo ingekuwa imeelezwa. Haikuwa hivyo, na watafiti wanaendelea kumchunguza hadi leo. Mwaka 2024 ilipotolewa ramani ya ubongo mzima wa nzi wa matunda, yenye seli za neva zipatazo 139,000 na sinapsi, yaani maungio ya seli hizo, zaidi ya milioni 50, nilijikuta nikiuliza swali lilelile kwa ukubwa zaidi.

Ninataka kuifanya kazi hii, lakini ninapouliza watu walio karibu nami napata majibu yanayopingana. Wapo wanaoniambia kwamba bila shahada ya udaktari hakuna atakayenipokea katika utafiti wa ubongo. Wapo wanaosema kwamba anayechunguza muundo wa ubongo ni mtu wa anatomia na anayechunguza tabia ni mtu wa saikolojia, kwamba hizo ni kazi mbili zisizokutana, na kwamba ni lazima nichague moja mapema. Tena wapo wanaonionya kuwa njia hii ni ndefu na mwisho wake hauna ajira. Ningependa kusikia kutoka kwa wanaoijua kazi hii kwa ndani: mtafiti wa namna hii hufanya nini hasa siku kwa siku, ni msingi gani wa masomo unaomfaa, na je, kweli ni lazima achague kati ya ubongo na tabia?

Hadubini amejibu:

Marahaba, Mdadisi. Mimi nimeifanya kazi hii kwa miaka mingi upande wa wanyama wa maabara, kwa hiyo suala la udaktari nitawaachia wengine, nami nitajibu hilo la kazi ya kila siku na hilo la kuchagua kati ya ubongo na tabia.

Ugumu wa kazi hii hauko pale ambapo wengi wanaoingia wanadhani uko. Kijana huja akiamini kwamba ubongo ndio mgumu na tabia ni nyepesi, kwa sababu ubongo unahitaji hadubini, kemikali na mashine za gharama kubwa, ilhali tabia inaonekana kwa macho. Kuukata ubongo wa panya vipande vyembamba vya mikroni 30 au 40 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), kuvitia rangi ya Nissl ili miili ya seli ionekane, kisha kuzihesabu seli katika eneo ulilolichagua, ni kazi inayochosha mgongo na macho, lakini ina kanuni zilizokomaa, na mtu mwenye mikono mitulivu na subira huimudu baada ya miezi kadhaa. Kutamka kwa uhakika kwamba panya huyu ana woga kuliko yule ni shughuli nyingine kabisa. Mwaka 1999 John Crabbe na wenzake walichapisha jaribio ambalo mimi humsimulia kila mwanafunzi anayeingia kwenye maabara yetu. Walichukua panya wa nasaba zilezile, wakawapima kwa vipimo vilevile katika maabara tatu zilizoko Portland, Albany na Edmonton, na wakajitahidi kulinganisha vifaa, umri wa wanyama, hata saa za mwanga na giza, lakini bado baadhi ya matokeo yalitofautiana kati ya maabara moja na nyingine. Mwaka 2014 kundi la Jeffrey Mogil likaonyesha kwamba hata harufu ya mtafiti wa kiume inatosha kuwatia panya mfadhaiko, kiasi cha kupunguza dalili za maumivu wanazoonyesha. Sasa mfikirie mtu aliyetumia miaka miwili kupima ukubwa wa amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na woga, kwa usahihi wa kupigiwa mfano, kisha akaulinganisha na kipimo cha woga ambacho, kumbe, kilikuwa kinapanda na kushuka kulingana na nani alikuwa zamu siku hiyo. Vipande vyake vya ubongo ni vizuri, hesabu zake za seli ni sahihi, na hitimisho lake halina thamani.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaokuambia uchague. Muundo wa ubongo ukiwa peke yake hausemi kitu juu ya tabia. Unaanza kusema pale tu tabia yenyewe inapokuwa imepimwa kwa uangalifu uleule. Angalia kazi ya Marian Diamond, aliyefariki mwaka 2017. Yeye alisomea anatomia, na ndiye mwanamke wa kwanza kuwa mwanafunzi wa shahada za juu katika idara ya anatomia ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikopata uzamivu wake mwaka 1953. Pale Berkeley walikuwapo wanasaikolojia Mark Rosenzweig na David Krech pamoja na mwanabiokemia Edward Bennett, ambao walikuwa tayari wanawalea panya katika mazingira tofauti: wengine kwa pamoja katika vizimba vikubwa vyenye vitu vya kuchezea vilivyobadilishwa mara kwa mara, wengine kila mmoja peke yake katika kizimba kidogo kitupu. Diamond aliongeza kitu kimoja, naye alikiongeza kwa ustadi mkubwa: alipima unene wa gamba la ubongo wa panya hao. Mwaka 1964 walichapisha kwamba gamba la wale waliolelewa katika mazingira tajiri lilikuwa nene zaidi. Tofauti yenyewe ilikuwa ya asilimia chache tu, na ilikuja wakati ambapo wengi waliamini kwamba ubongo wa mnyama aliyekomaa haubadiliki umbo. Kama malezi ya panya wale yangekuwa ya kubahatisha, tofauti ndogo namna ile ingepotea bila kuonekana, na kama upimaji wa gamba ungekuwa wa haraka haraka, ingepotea vilevile.

Mfano wa pili ninaoupenda ni wa Fernando Nottebohm na ndege waimbao. Mwaka 1976, pamoja na Arthur Arnold, alionyesha kwamba maeneo ya ubongo yanayoongoza wimbo ni makubwa zaidi kwa madume ya kanari, ambao ndio huimba sana, kuliko kwa majike. Miaka mitano baadaye akaonyesha kwamba maeneo hayo kwa madume huwa makubwa wakati wa majira ya kuchipua na hupungua wakati wa vuli. Jambo hilo lisingejulikana kamwe na mtu aliyepokea chupa za bongo bila kujua ndege walichukuliwa msimu gani na walikuwa wanaimba nini. Wimbo unarekodika, unagawanyika katika silabi, na silabi zinahesabika. Nafikiri sehemu kubwa ya mafanikio ya utafiti ule inatokana na kuchagua tabia ambayo inapimika vizuri kabla hata ya kugusa ubongo.

Kuhusu siku zenyewe, hazifanani. Kuna majuma ya kupima tabia, ambapo unafika maabara saa ileile kila siku kwa sababu saa ya siku nayo hubadilisha tabia ya mnyama, na unarekodi video. Zamani tulizitazama video hizo kwa macho na kuandika alama kwa mkono. Tangu mwaka 2018 zipo programu kama DeepLabCut zinazofuata mwendo wa kila kiungo cha mnyama, ingawa bado mimi huwataka wanafunzi watazame saa nyingi kwa macho yao wenyewe kwanza, kwa kuwa programu hufuata kiungo ulichoionyesha na haitakuambia kwamba mnyama alikuwa anafanya jambo ambalo hukulifikiria. Kisha yanakuja majuma ya kukata na kutia rangi, miezi ya uchambuzi, na muda mrefu kuliko unavyodhani wa kuandika: maombi ya ufadhili, makala, majibu kwa wahakiki wa majarida, na maombi kwa kamati ya maadili.

Hilo la mwisho nataka nilitaje waziwazi. Ukichunguza muundo wa ubongo wa wanyama utawaua wanyama, na anayesema kwamba jambo hilo huzoeleka kabisa simwamini. Kanuni zilizoelezwa na William Russell na Rex Burch mwaka 1959 ndizo zinazoongoza kamati nyingi hadi sasa: tumia njia mbadala pale inapowezekana, punguza idadi ya wanyama, boresha taratibu ili wateseke kidogo iwezekanavyo. Kwangu mimi kipimo duni cha tabia ni kosa la kimaadili kabla ya kuwa kosa la kisayansi, maana mnyama amekufa na hatukujua lolote kutokana na kifo chake. Jiulize mapema kama unaweza kuishi na kazi hiyo. Ukiona huwezi, njia za kuchunguza binadamu kwa picha zipo, na si za daraja la chini.

Bingwa wa Fahamu amejibu:

Nichangie kuhusu udaktari, kwa kuwa mimi ni daktari wa magonjwa ya mfumo wa fahamu ambaye pia hufanya utafiti.

Jibu fupi ni kwamba si lazima. Santiago Ramón y Cajal na Camillo Golgi, waliogawana Tuzo ya Nobel mwaka 1906, walisomea udaktari, na Rita Levi-Montalcini, aliyeipata mwaka 1986, naye pia. Lakini John O'Keefe, aliyezigundua mwaka 1971 seli za hipokampasi (sehemu ya ndani ya ubongo inayohusika na kumbukumbu) zinazotoa ishara mnyama anapokuwa mahali fulani, alikuwa na shahada ya uzamivu ya saikolojia, na May-Britt Moser na Edvard Moser, waliogawana naye Tuzo ya Nobel ya mwaka 2014, walianzia pia katika saikolojia. Kwa hiyo anayekuambia kwamba bila udaktari hupokelewi anakuambia jambo ambalo historia ya fani yenyewe inalikanusha.

Hata hivyo, udaktari hukupa kitu kimoja ambacho ni vigumu kukipata kwa njia nyingine, nacho ni kukaa na mgonjwa ana kwa ana kwa muda mrefu. Elimu yetu kuhusu muundo na tabia ya binadamu ilianzia hapo. Mwaka 1861 Paul Broca alieleza habari za Leborgne, mgonjwa aliyeweza kutamka silabi moja tu, "tan", ingawa alionekana kuelewa anachoambiwa, na baada ya kifo chake akaonyesha jeraha katika sehemu ya mbele ya upande wa kushoto wa ubongo. Broca hakuukata ubongo ule, aliuhifadhi mzima mjini Paris. Ulipokuja kupigwa picha za MRI, yaani picha za ndani zinazopigwa kwa nguvu ya sumaku, zaidi ya karne moja baadaye, ilionekana kwamba jeraha lilikuwa limeingia ndani zaidi kuliko uso wa ubongo ulivyoonyesha. Maelezo ya tabia yalibaki na thamani muda wote huo, na ni maelezo ya muundo yaliyohitaji kurekebishwa.

Hivyo hivyo kwa Henry Molaison, ambaye kwa miaka mingi alijulikana kwa herufi H.M. tu. Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 27, alifanyiwa upasuaji wa kutibu kifafa ulioondoa sehemu za ndani za ubongo wake pande zote mbili, na tangu hapo hakuweza tena kujenga kumbukumbu mpya za matukio. Aliyepima tabia yake kwa makini ni Brenda Milner, ambaye si daktari bali mwanasaikolojia. Alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiitazama katika kioo, na siku baada ya siku mkono wa mgonjwa ulizidi kuwa hodari ingawa yeye mwenyewe hakukumbuka kuwahi kuifanya kazi hiyo. Kwa kipimo hicho cha kalamu na karatasi tulijifunza kwamba kumbukumbu si kitu kimoja. Molaison alifariki mwaka 2008, na mwaka uliofuata ubongo wake ulikatwa vipande 2,401 na kupigwa picha kimoja kimoja. Ndipo ikathibitika kwamba sehemu kubwa kiasi ya nyuma ya hipokampasi yake ilikuwa imebaki.

Ushauri wangu, basi, ni huu: soma udaktari ikiwa unataka kutibu watu. Usiusome kama mlango wa kuingilia maabara, kwa sababu utatumia miaka mingi ya ujana wako kujifunza mambo ambayo ni ya lazima kwa tabibu, lakini si ya lazima kwa swali ulilolileta hapa, na baada ya hapo bado utahitaji mafunzo ya utafiti. Ninawafahamu madaktari waliojikuta wodini usiku na mchana huku utafiti ukibaki kazi ya likizo. Mwenye shahada ya biolojia kama wewe anaweza kwenda moja kwa moja kwenye uzamili au uzamivu wa sayansi ya neva, kisha akashirikiana na daktari kama mimi pale atakapohitaji wagonjwa. Ushirikiano wa aina hiyo ni wa kawaida sana, na sisi madaktari tunauhitaji kuliko tunavyokubali kusema.

Takwimu Kwanza amejibu:

Nimesoma maelezo ya Hadubini kwa heshima kubwa, na nakubaliana naye kuhusu tabia, lakini naona amelipa suala la hesabu nafasi ndogo mno, na kijana anayeanza leo atakutana nalo kuanzia siku ya kwanza. Mimi hufanya kazi na picha za MRI za binadamu.

Upande wetu ulikuwa na tatizo kubwa ambalo lilichukua muda mrefu kukubalika. Picha moja ya ubongo ina maelfu kwa maelfu ya vijisehemu, na ukivilinganisha vyote na tabia fulani, vichache vitaonekana vinahusiana nayo kwa bahati tu. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake walimweka samaki aina ya samoni, aliyekufa, ndani ya mashine ya MRI, wakamwonyesha picha za watu, na uchambuzi usiosahihisha wingi wa ulinganisho ukatoa vijisehemu "vilivyofanya kazi" katika ubongo wa samaki yule. Hata Diamond, niliyeona akisifiwa hapo juu kwa haki kabisa, alipochapisha mwaka 1985 uchunguzi wa vipande vya ubongo wa Albert Einstein, alikosolewa kwa msingi huohuo: ubongo ulikuwa mmoja, ulilinganishwa na bongo 11 za wanaume wengine katika maeneo manne, na eneo moja tu ndilo lililoonyesha tofauti. Kazi yake ya panya ilisimama kwa sababu ilirudiwa tena na tena kwa wanyama wengi. Ile ya Einstein haikuwa na namna ya kurudiwa.

Mwaka 2022 Scott Marek na wenzake, wakitumia data za watu wapatao 50,000, walionyesha kwamba uhusiano kati ya tofauti za kawaida za ubongo wa watu na vipimo vya tabia ni mdogo sana, kiasi kwamba wanahitajika maelfu ya washiriki ili matokeo yarudike, ilhali tafiti nyingi zilikuwa zimetumia makumi tu. Fikiria maana yake kwa kazi yako: huwezi kuwapiga picha maelfu ya watu peke yako katika muda wa uzamivu. Utatumia data za pamoja, na ili uzitumie ni lazima uandike programu. Jifunze Python au R vizuri, na jifunze takwimu kwa kina kuliko mtaala wa biolojia unavyodai.

Sisemi kwamba tafiti ndogo hazina nafasi. Eleanor Maguire na wenzake walianza na madereva wa teksi wa London 16 tu mwaka 2000, wakakuta sehemu ya nyuma ya hipokampasi zao ni kubwa kuliko ya watu wengine. Kilichoupa utafiti ule uzito ni yaliyofuata. Mwaka 2006 waliwalinganisha madereva wa teksi na madereva wa mabasi, ambao nao huendesha mjini London siku nzima katika msongamano uleule, lakini kwa njia zilizopangwa tayari, na tofauti ikaonekana bado ipo. Kwa ulinganisho huo mmoja walikuwa wameondoa kuendesha gari, uchovu na kelele za barabarani kama sababu. Mwaka 2011 wakachapisha matokeo ya kuwafuatilia wanafunzi 79 wa udereva wa teksi tangu kabla ya mafunzo. Mwanzoni hawakutofautiana, na miaka michache baadaye wale 39 waliofaulu mtihani ndio walioonyesha ongezeko katika hipokampasi. Huo ni ubunifu wa kuchagua nani alinganishwe na nani, na hakuna wingi wa data unaoweza kuuziba pengo lake ukikosekana. Hapo mimi na Hadubini tunakutana.

Nje ya Chuo amejibu:

Hakuna aliyegusa suala la ajira, nami nilimaliza uzamivu katika fani hii kisha nikaondoka chuoni, basi nitalijibu kwa ufupi.

Uzamivu huchukua miaka mitatu au minne katika nchi nyingi za Ulaya, na mara nyingi mitano au sita Marekani. Baada ya hapo wengi hufanya utafiti wa mkataba kwa miaka kadhaa, wakati mwingine kwa kuhama kutoka maabara moja hadi nyingine, kabla ya kuweza kuomba nafasi ya kudumu, na nafasi za kudumu ni chache kuliko wanaozitafuta. Hilo ni la kweli, na usikubali mtu akufiche. Lakini kusema kwamba mwisho wake hauna ajira si sahihi. Ujuzi wa kupima tabia, kuchambua picha na kupanga jaribio unahitajika katika kampuni za dawa, katika majaribio ya tiba za magonjwa kama Alzheimer na Parkinson, katika utengenezaji wa programu za kusoma picha za MRI, na katika kazi nyingi za uchambuzi wa data ambazo hazihusiani na ubongo hata kidogo. Mimi hupima kama dawa zinazojaribiwa zinapunguza kasi ya kusinyaa kwa ubongo, na kila siku ninatumia yale niliyojifunza maabara. Kitu ambacho ningekuomba usikifanye ni kuanza uzamivu bila ufadhili unaolipa ada na gharama zako za kuishi.

Mdadisi amejibu:

Nawashukuru sana, na nimeyasoma majibu yote zaidi ya mara moja. Suala la udaktari sasa limekwisha moyoni mwangu. Limebaki moja. Kwa ajili ya uzamili nimepata mawasiliano na maabara mbili. Ya kwanza ni kubwa, inafanya kazi na picha za MRI za maelfu ya watu, na mwanafunzi hupewa data zilizokwisha kukusanywa. Ya pili ni ndogo, inachunguza ujifunzaji wa wimbo kwa ndege, na mwanafunzi huanzia kurekodi sauti hadi kukata ubongo. Nitazilinganisha kwa vigezo gani?

Hadubini amejibu:

Kabla ya kulinganisha mada, linganisha watu. Omba kuzungumza na wanafunzi waliopo na, ikiwezekana, waliokwisha kuondoka, msimamizi mwenyewe asiwepo. Waulize ni mara ngapi wanakutana naye, nani huandikwa kama mwandishi wa kwanza wa makala, na nini hutokea matokeo yanapokuja kinyume cha alivyotarajia. Swali hilo la mwisho litakueleza mengi. Maabara ambayo matokeo kinyume hupokelewa kwa udadisi ni mahali pazuri pa kujifunzia hata kama vifaa vyake ni vya zamani.

Upande wa kazi yenyewe, waulize wote wawili swali moja: tabia inapimwaje, na nani alithibitisha kwamba kipimo hicho kinapima kile kinachodaiwa? Maabara ya ndege ikikuonyesha rekodi za sauti, kanuni za kutenganisha silabi, na jinsi watu wawili wanavyozisahihisha bila kuonana, hapo pana msingi. Maabara ya picha ikikuambia kwamba tabia ni alama za dodoso lililojazwa mara moja, na hakuna anayejua kama mtu yuleyule akilijaza tena mwezi ujao atapata alama zilezile, basi maelfu ya picha hayataokoa chochote. Inaweza pia kuwa kinyume chake, na kuna maabara za picha zenye vipimo vya tabia vilivyojengwa kwa uangalifu wa miaka mingi. Nenda ukaone.

Kwa mtu ambaye bado hajaamua, mimi huelekea kumshauri aanze pale atakapoigusa safari yote, kutoka kwa mnyama aliye hai hadi kwenye kipande kilicho chini ya hadubini. Ukishajua data huzaliwaje, utazisoma data za wengine kwa macho tofauti. Kuhamia kwenye data kubwa baadaye kunawezekana. Kutoka kwenye data kubwa kurudi nyuma na kujifunza kumshika mnyama aliye hai ni watu wachache niliowaona wakikufanya.

Takwimu Kwanza amejibu:

Katika hili la mwisho sina ubishi na Hadubini, ila nina nyongeza moja. Usisubiri uzamili ndipo uguse data. Ramani ya ubongo wa panya ya Taasisi ya Allen, inayoonyesha jeni zipi zinafanya kazi katika maeneo gani, iko wazi kwenye intaneti tangu mwaka 2006, na mradi wa Human Connectome umeweka picha za vijana wapatao 1,200 pamoja na vipimo vyao vya tabia, ambazo mtu hujiandikisha na kuzipakua bila malipo. Chagua swali dogo, kwa mfano uhusiano wa ujazo wa hipokampasi na kipimo kimoja tu cha kumbukumbu, andika mapema unatarajia nini, kisha fanya uchambuzi kwa nusu ya watu na uurudie kwa nusu nyingine. Tofauti utakayoiona kati ya nusu hizo mbili ndiyo utakayokwenda nayo kwenye mazungumzo na wasimamizi wote wawili, na ukikwama kwenye programu uliza hapahapa, nitakujibu.